Dereva bora wa Toyota hapimwi kwa mataji pekee

SEBASTIEN Ogier alipotawazwa bingwa wa dunia kwa mara ya tisa nchini Saudi Arabia mnamo Novemba 2025, mjadala wa tangu jadi miongoni mwa wapenzi wa mbio za magari ulichipuka upya. Je, katika historia yote ya timu ya Toyota, ni dereva yupi anayestahili kuitwa gwiji wa magwiji?

Kwa wengi, jibu lilikuwa bayana. Kati ya mataji hayo tisa, Mfaransa huyo alitwaa matatu akiendesha Toyota: mwaka 2020, 2021 na 2025. Hakuna dereva mwingine aliyeipa kampuni hiyo ya Japani mataji matatu ya madereva katika mbio za dunia, WRC. Carlos Sainz wa Uhispania aliipa mawili, 1990 na 1992. Kalle Rovanperä wa Finland pia aliipa mawili, 2022 na 2023. Juha Kankkunen (1993), Didier Auriol (1994) na Ott Tänak (2019) waliipa moja moja.

Hesabu ikiishia hapo, basi hakuna haja ya kubishana. Ogier ndiye.

Hata hivyo, hesabu ya aina hiyo ina kasoro kubwa. Inaanzia mwaka 1990, ilhali timu ya Toyota barani Ulaya ilikuwa imeshindana tangu miaka ya 1970. Inawahesabu waliovuna na kumsahau aliyepanda. Tena inasahau kwamba kwa miaka kadhaa migumu, Toyota haikupata ushindi wake Monte Carlo wala Ureno, bali ilipata katika barabara za vumbi na matope za Afrika, ikiwemo Kenya.

Timu hiyo iliasisiwa na raia wa Uswidi, Ove Andersson, na baadaye ikaweka makao yake mjini Cologne, Ujerumani. Andersson hakuwa mgeni Nairobi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshinda Safari Rally mwaka 1975 akiwa ndani ya Peugeot 504, gari ambalo Wakenya wa rika fulani wanalikumbuka zaidi kwa kubeba abiria kuliko kwa mashindano. Alijua kwamba Safari ni mbio ambazo gari lisilo la kasi mno linaweza kushinda, mradi halivunjiki.

Ujuzi huo ulimfaa sana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo Audi ilikuwa imeugeuza mchezo juu chini kwa gari lake la Quattro, lililosukumwa na magurudumu yote manne. Peugeot ikafuata na 205 Turbo 16, iliyotwaa taji la waundaji magari mwaka 1985 na 1986. Toyota, kwa upande wake, ilikuwa na Celica Twin Cam Turbo. Lilikuwa gari zito, refu, lililosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Katika barabara nyembamba za Ulaya zenye kona nyingi, Celica hiyo ilikuwa kama fahali ndani ya duka la vikombe.

Rekodi zinaonyesha kwamba kati ya 1983 na 1986, Toyota ilishinda mashindano sita ya WRC. Yote sita yalifanyika Afrika: matatu Kenya na matatu Cote d'Ivoire. Kwa kifupi, ilikuwa timu iliyolala Ulaya na kula Afrika. Si ajabu gari hilo liliitwa mfalme wa Afrika.

Ni nani aliyekuwa akiliendesha? Kati ya ushindi huo sita, minne ilikuwa ya mtu mmoja, Björn Waldegård wa Uswidi. Alishinda Cote d'Ivoire 1983, Safari 1984, kisha Safari na Cote d'Ivoire tena mwaka 1986. Miwili iliyosalia, yote ya mwaka 1985, ilikuwa ya Kankkunen.

Waldegård alijiunga na Toyota akiwa tayari ana jina. Mwaka 1979 alikuwa mtu wa kwanza kabisa kutawazwa bingwa wa dunia wa madereva, akitumia magari ya Ford na Mercedes. Safari alikuwa ameshinda mara moja, mwaka 1977, kwa Ford Escort. Dereva wa hadhi hiyo angeweza kutafuta gari lenye nguvu zaidi na kuendelea kuwinda mataji. Alichagua kubaki na timu iliyokuwa ikijikongoja.

Kuelewa uzito wa alichofanya, msomaji kijana aliyeanza kutazama Safari mwaka 2021 inambidi kuzisahau kwanza mbio anazozijua. Safari ya miaka ya 1980 iliandaliwa msimu wa Pasaka, mvua za masika zikinyesha, na ilizunguka takriban kilomita 5,000. Barabara hazikufungwa. Dereva aliyekuwa akikimbia kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa aliweza kukutana na lori, basi, kundi la ng'ombe au mwanakijiji juu ya baiskeli. Ndiyo maana timu tajiri zilirusha helikopta mbele ya gari kutoa onyo. Mtu angeondoka Nairobi kukiwa na jua, akakwama kwenye udongo mweusi unaonata kabla ya jioni, na usiku kupoteza dira ndani ya ukungu.

Pengo kati ya mshindi na wa pili lilihesabiwa kwa dakika, si kwa sekunde. Anayelisukuma gari kupita kiasi siku ya kwanza hakuwa na gari siku ya tatu. Hapo ndipo Waldegård alipokuwa mwalimu. Alijua wakati wa kukaza na wakati wa kulegeza.

Wapo watakaodai kwamba Toyota ilitamba Afrika kwa sababu wapinzani wakuu hawakuja. Kuhusu Cote d'Ivoire, hoja hiyo ina ukweli. Kampuni nyingi zilikwepa gharama za kwenda huko. Kuhusu Kenya, haina mashiko. Mnamo 1984 Audi ilileta Quattro na bingwa wake Hannu Mikkola, na ikabidi iridhike na nafasi ya tatu nyuma ya Celica ya Waldegård na Opel ya Rauno Aaltonen. Mnamo 1986 Peugeot ilikuja na 205 Turbo 16, na aliyekuwa kwenye usukani ni Kankkunen yuleyule aliyeshinda Safari mwaka uliotangulia kwa Celica. Sasa alikuwa na gari bora zaidi duniani, na mwishoni mwa msimu angekuwa bingwa. Nairobi alimaliza wa tano. Waldegård akashinda kwa Celica ileile iliyodharauliwa.

Kulinganisha madereva wa enzi mbalimbali ni kazi ngumu, lakini hapa wapo wawili waliobadilishana nafasi katika barabara zilezile, na jibu likapatikana.

Kisha ukaja mwaka 1990. Magari makali ya kundi B yalikuwa yamepigwa marufuku, na Lancia ilikuwa ikitawala dunia. Toyota ilileta Celica GT-Four, yenye kusukumwa na magurudumu manne. Waldegård alikuwa na umri wa miaka 46, umri ambao madereva wengi huwa wamekwisha kustaafu. Alishinda, huku Kankkunen akimaliza wa pili kwa Lancia. Rekodi yake ya kuwa mshindi mwenye umri mkubwa zaidi katika WRC ilidumu hadi Januari 2022, Sebastien Loeb alipoivunja Monte Carlo.

Katika ushindi wa 1986 na 1990, aliyeketi kando yake akimsomea barabara ni Fred Gallagher. Gallagher huyohuyo ndiye aliyemwelekeza Kankkunen mwaka 1985. Mijadala ya madereva bora huwasahau waelekezi, lakini mtu aliyeshinda Safari mara tatu na Toyota akiwa na madereva wawili tofauti anastahili japo sentensi moja.

Kankkunen naye hawezi kupuuzwa. Alipokuja Kenya mwaka 1985 hakuwa amewahi kushindana Safari, wala hakuwa ameshinda mbio zozote za WRC. Alishinda jaribio la kwanza, Waldegård akiwa nyuma yake katika nafasi ya pili. Mwaka 1993 alirudi Toyota, akashinda mashindano matano, Safari ikiwemo, na kutwaa taji lake la nne. Mwaka huo Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza Safari, na ikawa kampuni ya kwanza ya Japani kutwaa taji la waundaji magari.

Tatizo la Kankkunen ni kwamba alikuwa wa wote. Mataji yake manne yamegawanyika miongoni mwa Peugeot, Lancia na Toyota. Alipanda gari lililokuwa tayari kushinda, na alifanya hivyo kwa ustadi wa hali ya juu. Hilo linamfanya kuwa miongoni mwa madereva bora waliowahi kuishi, bila kumfanya kuwa wa Toyota kuliko wengine.

Mpinzani halisi wa Waldegård katika mjadala huu ni Sainz. Kabla yake, hakuna dereva aliyekuwa ametwaa taji la dunia akiendesha gari la Kijapani. Mwaka 1990 alilitwaa, na njiani akafanya jambo ambalo wajuzi waliliona haliwezekani: alishinda mbio za maziwa 1,000 nchini Finland, ambazo hadi wakati huo hazikuwa zimewahi kushindwa na mtu asiyetoka Ulaya Kaskazini. Mwaka 1992 alishinda Safari yenyewe, akatwaa taji la pili. Jumla ya ushindi wake na Toyota ni 15.

Alirejea Toyota baadaye, na hapo ndipo yalipomkuta masaibu ambayo mashabiki wa mchezo huu huyasimulia hadi leo. Mnamo Novemba 1998, katika mkondo wa mwisho wa mashindano ya mwisho nchini Uingereza, alihitaji tu kufika kwenye utepe. Injini ya Corolla yake ilizimika ikiwa imebaki takriban mita 300. Taji likaenda kwa Tommi Mäkinen wa Mitsubishi, aliyekuwa amekwisha kuondoka mashindanoni. Kama mita hizo zingepatikana, Sainz angekuwa na mataji matatu ya Toyota miaka mingi kabla ya Ogier, na huenda mjadala huu usingekuwepo.

Kati ya enzi hizo mbili za Sainz lipo doa ambalo mashabiki wa Toyota hupenda kulirukia. Mwaka 1995 wakaguzi waligundua kwamba kifaa cha kudhibiti hewa inayoingia kwenye turbo ya Celica kilikuwa kimechezewa kwa ujanja mkubwa, kikipitisha hewa zaidi ya iliyoruhusiwa. Timu ilipokonywa alama zote za mwaka huo na kufungiwa miezi 12. Kankkunen, aliyekuwa akiwania taji, alipoteza kila kitu. Hakuna ushahidi uliotolewa kwamba madereva walihusika. Hata hivyo, tukio hilo ni onyo kwa yeyote anayetaka kupima ubora wa dereva kwa matokeo peke yake, kwani matokeo ni ya dereva, gari na mafundi kwa pamoja.

Hapo ndipo jina ambalo halipatikani katika orodha nyingi za Ulaya linapofaa kutajwa.

Mwaka 1994, Safari ikiwa mojawapo ya duru za WRC, mshindi alikuwa Mkenya Ian Duncan, akielekezwa na Dave Williamson katika Celica Turbo 4WD. Nafasi ya tatu ilikuwa ya Auriol, aliyekuwa na gari la aina hiyohiyo. Mwishoni mwa mwaka, Auriol ndiye aliyetawazwa bingwa wa dunia. Ifahamike vyema: katika mwaka ambao Toyota ilitwaa mataji yote mawili, bingwa wake alishindwa na Mkenya, kwa gari lilelile, katika mbio zile zile.

Kuna watakaosema kwamba Duncan alikuwa nyumbani, na mcheza kwao hutuzwa. Ni kweli kwamba alizijua barabara. Lakini Waldegård naye alizijua baada ya miaka mingi, na hakuna anayelitumia hilo kumpunguzia sifa. Kujua barabara kulikuwa sehemu ya mchezo. Ndiyo sababu Datsun ilimtegemea Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mara tano kati ya 1973 na 1982, na Mitsubishi ikamwamini Joginder Singh, aliyeishindia mwaka 1974 na 1976. Kampuni za nje hazikuwapa Wakenya magari kwa hisani. Ziliwapa kwa sababu zilitaka kushinda.

Duncan hawezi kuwekwa juu ya Sainz au Ogier, kwa kuwa hakupata kushindana dunia nzima jinsi walivyofanya. Kumwacha nje kabisa, hata hivyo, ni kuandika historia ya Toyota kwa kalamu ya Ulaya pekee. Mwaka huo huo Mkenya mwingine, Patrick Njiru, alimaliza wa nne kwa Subaru. Wakenya wawili walikuwa katika nafasi nne za kwanza za mbio za WRC.

Safari iliondolewa kwenye kalenda ya WRC baada ya 2002, na Toyota yenyewe ilikuwa imejiondoa mwishoni mwa 1999 na kuelekeza fedha zake kwenye Formula One. Iliporejea mwaka 2017 kwa Yaris, chini ya usimamizi wa Mäkinen yuleyule aliyenufaika na masaibu ya Sainz, ilikuwa timu mpya yenye makao Finland. Safari nayo iliporudi mwaka 2021 ilikuwa mbio mpya. Makao yake ni Naivasha, barabara zinafungwa, na mikondo ya kushindaniwa ni kilomita 300 na ushei.

Matokeo ya Toyota katika Safari hiyo mpya yanatisha. Ogier alishinda 2021 na 2023, Rovanperä 2022 na 2024, naye Elfyn Evans wa Wales akashinda 2025. Mwaka 2022 na 2023 timu hiyo ilichukua nafasi nne za kwanza, kama ilivyofanya 1993. Ukijumlisha na saba za zamani, kufikia 2025 Toyota ilikuwa imeshinda Safari ya WRC mara 12.

Ogier wa 2021 alionyesha chembe ya Waldegård. Gari lake lilipata hitilafu siku ya Ijumaa akapoteza muda mwingi, lakini hakukata tamaa wala kukurupuka. Thierry Neuville wa Hyundai, aliyekuwa akiongoza, alivunjikiwa na gari siku ya mwisho, na Mfaransa akapita. Mwaka 2023 mambo yalikuwa tofauti: alimshinda Rovanperä kwa sekunde 6.7 tu. Zamani, sekunde sita Safari ni muda wa kusubiri mbuzi avuke barabara.

Rovanperä naye alikuwa bingwa akiwa na umri wa miaka 22 na siku moja, mdogo kuliko yeyote kabla yake. Kipaji chake pengine kinawazidi wote waliotajwa hapa. Lakini mwishoni mwa 2025 aliiacha WRC na kwenda kutafuta riziki katika mbio za viwanjani, na hivyo kuuacha mjadala wake nusu.

Kwa mizani hiyo, Waldegård anastahili nafasi ya kwanza katika timu ya Toyota, Sainz ya pili, na Ogier ya tatu. Ogier ana mataji mengi zaidi, ila aliyapata katika timu iliyokuwa imejengwa tayari, yenye fedha na magari bora kuliko wapinzani. Sainz aliifikisha Toyota kileleni. Waldegård ndiye aliyeipa sababu ya kuendelea kuwepo, hadi Sainz akaikuta. Alifariki Agosti 2014, miaka mitatu baada ya kushinda Safari ya magari ya kale hapa Afrika Mashariki akiwa na mwanawe Mathias.

Kwa Wakenya, suala zito zaidi si nani awe wa kwanza kwenye orodha, bali kama jina la Mkenya litawahi kuongezwa humo. Mwaka 2021 Onkar Rai alimaliza wa saba, Karan Patel wa nane na Carl Tundo wa tisa, wote wakiwa na magari ya daraja la chini yaliyogharamiwa nje ya timu za viwanda. Ilikuwa kazi nzuri ajabu kwa vifaa walivyokuwa navyo. Lakini gari la daraja la juu ni ghali kupindukia, na kampuni haziyatoi tena kwa mwenyeji anayejua mahali maji yanapotuama baada ya mvua. Barabara zikiwa zimefungwa na kila timu ikiruhusiwa kuzipitia kabla ya mashindano, ujuzi huo umepoteza bei sokoni.

Katika Safari tano za kuanzia 2021 hadi 2025, magari ya Toyota ya daraja la juu yaliendeshwa na Mfaransa, Wafini, Mjapani na Mwelshi. Hakuna Mkenya aliyepewa hata moja.